Uzunguni, Uhindini na Uswahilini: Majina ya Mitaa na Jamii za Miji ya Iringa na Mbeya Wakati wa Ukoloni

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jamii mbalimbali zilizoishi katika miji ya Iringa na Mbeya wakati wa ukoloni, kwa kutumia majina ya mitaa kama ushahidi. Tunadai kwamba majina hayo yanahifadhi mpangilio wa kijamii ambao majengo na sheria vimekwisha kuusahau. Tunadai pia kwamba katika miji hii ya bara neno "Mswahili" lilipata maana ya mkaazi wa mji, likaachana kwa kiasi kikubwa na maana yake ya mtu wa pwani. Mwisho tunajadili hatari inayoyakabili majina hayo wakati huu ambapo mitaa yote nchini inawekewa anwani.

1.0 Utangulizi

Mchanganyiko wa jamii katika mji mmoja umezoeleka kuelezwa kama sifa ya bandari. Atajwapo Mhadhrami, Mngazija, Mgoa, Mbohora na Mbaluchi wakiishi mtaa kwa mtaa, msomaji hufikiri mara moja juu ya Unguja, Mombasa au Aden. Maelezo hayo yana ukweli wake, kwani bahari huleta watu na pepo za msimu huwalazimisha kukaa. Hata hivyo, maelezo hayo yamesababisha miji ya bara isahauliwe. Mara nyingi inachukuliwa kwamba mji wa bara ni mji wa kabila moja lililouzunguka: Iringa ni ya Wahehe, Mbeya ni ya Wasafwa au Wanyakyusa, na wengine wote ni wapita njia.

Makala haya yanapinga mtazamo huo. Iringa na Mbeya, miji miwili mikuu ya Nyanda za Juu Kusini, ilianzishwa na wageni na kujazwa na wageni. Katika muda usiozidi miaka 70 ilikusanya Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi, Waarabu, Wabaluchi, Waismailia, Wahindu, Makalasinga, Wajerumani, Waingereza, Wagiriki, Waitaliano, Wapolandi na Wanyasa, mbali na wenyeji wa nchi yenyewe. Bandari yao ilikuwa njia: kwanza njia ya misafara na majeshi, kisha barabara kuu ya kutoka Rodeshia ya Kaskazini kwenda Dodoma na Arusha, na hatimaye hata anga.

Swali letu ni hili: watu hao walijigawaje, nao waligawanywaje, katika ardhi ya mji? Ili kulijibu tutatazama kwa ufupi historia ya miji hiyo, kisha jamii zake, na hatimaye tutachambua majina ya mitaa kwa misingi ya mofolojia na maana. Jina la mtaa ni ushahidi wenye thamani ya pekee kwa sababu aghalabu halikutungwa na mtawala. Mtawala aliandika namba ya kanda na ya kiwanja, na wakaazi ndio waliosema "naenda Uhindini".

2.0 Historia Fupi ya Miji Miwili

2.1 Iringa

Jina Iringa linahusishwa na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Ngome iliyokusudiwa hapo ni Kalenga, makao ya Mtwa Mkwawa. Mnamo tarehe 17 Agosti 1891, majeshi ya Wahehe yaliangamiza kikosi cha Wajerumani huko Lugalo, na kamanda wake, Emil von Zelewski, akauawa. Wajerumani walirudi, wakaiteka Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa aliendelea kupigana kwa vita vya kuvizia mpaka alipojiua mwezi Julai 1898 ili asikamatwe.

Mji wa sasa haukujengwa Kalenga. Mwaka 1896 Tom von Prince alianzisha kambi mpya juu ya kilima kinachotazama Mto Ruaha Mdogo, nayo ikaitwa Iringa Mpya. Hivyo basi, mji ulichukua jina la ngome iliyoshindwa na kulihamishia kwenye boma la mshindi. Jambo hili ni muhimu kwa hoja yetu, kwa sababu tangu siku ya kwanza jina la Kihehe lilibebwa na mji ambao wakaazi wake wengi hawakuwa Wahehe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Jenerali Northey, yaliyotokea Nyasa na Rodeshia, yaliingia Iringa mwishoni mwa Agosti 1916, na utawala wa Kiingereza ukafuata.

2.2 Mbeya

Mbeya ni mji wa Kiingereza. Kabla yake makao ya serikali katika upande huo yalikuwa Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Langenburg Mpya. Mbeya ilianzishwa mwaka 1927 chini ya Mlima Loleza, katika nchi ya Wasafwa, na jina lake huhusishwa na neno la Kisafwa lenye maana ya chumvi. Lililoukuza mji huu ni dhahabu. Machimbo ya Lupa, kaskazini kwake katika eneo la Chunya, yalivuta maelfu ya watu katika miaka ya 1930, na Mbeya ikawa ghala, benki, hospitali na njia panda ya machimbo hayo. Kuanzia mwaka 1932 ndege za shirika la Imperial Airways zilizosafiri kati ya Uingereza na Afrika Kusini zilitua Mbeya. Mji ambao miaka mitano tu iliyopita ulikuwa malisho ukawa kituo cha njia ya dunia.

3.0 Jamii za Mji

3.1 Askari na wafuasi wao

Wakaazi wa kwanza wa Iringa Mpya walikuwa wanajeshi. Jeshi la Kijerumani lilianza mwaka 1889 kwa askari wa Kisudani walioandikishwa Misri na wengine walioitwa "Wazulu" walioandikishwa Msumbiji. Baadaye waliingia Wanyamwezi, Wamanyema, Wasukuma na watu wa pwani. Askari hakutembea peke yake: alikuwa na wake, watoto, watumishi na wapagazi. Kambi moja ya askari ilikuwa kijiji kizima chenye lugha nyingi, na lugha iliyokiunganisha ilikuwa Kiswahili.

Kiswahili hicho kilikuwa na sura yake. Vyeo vyake, kama vile ombasha, shaushi na efendi, vilikuwa na asili ya Kituruki na vilifika kwa njia ya jeshi la Misri. Amri nyingine zilikuwa za Kijerumani. Hata hivyo, majina ambayo askari na raia waliwapa mabwana wao yalikuwa ya Kiswahili. Zelewski aliitwa Nyundo. Von Prince aliitwa Bwana Sakarani, na maana ya neno hilo katika Kiswahili ni mtu aliyelewa. Mji wa Iringa, basi, ulianzishwa na mtu ambaye watu wake walikuwa wamekwisha kumpima na kumpa jina, na jina hilo lilidumu hadi shambani kwake huko Usambara. Uwezo huo wa kumtaja mkubwa kwa lugha ambayo si yake ndio uwezo uleule uliozaa majina ya mitaa.

3.2 Wafanyabiashara

Misafara ya wapwani, Waarabu na Wabaluchi ilifika Uhehe na Usangu kabla ya Wajerumani. Baada ya boma kujengwa baadhi yao walihamia mjini, na Wabaluchi hasa wakawa miongoni mwa koo za kudumu za Nyanda za Juu Kusini. Nyuma yao walikuja Wahindi, nao hawakuwa jamii moja. Waismailia walijenga jamatkhana katikati ya Iringa, na saa ya jengo hilo ikawa saa ya mji mzima. Mabohora na Wahindu walikuwa na ibada zao na vyakula vyao. Makalasinga walisifika kwa useremala, ujenzi na ufundi wa magari. Mwafrika wa mji aliwatambua kwa kazi, kwa kilemba na kwa aina ya duka, lakini mtaa wao wote aliuita kwa jina moja.

3.3 Wazungu wasiokuwa kundi moja

Hali kadhalika, "Mzungu" lilikuwa jina moja la makundi yaliyotofautiana na hata kupigana. Wajerumani walionyang'anywa mali baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliruhusiwa kurudi mwaka 1925, na wengi wao walifungua mashamba Iringa na Mufindi. Mwaka 1939 vita vilipozuka upya walikamatwa, na mashamba yao yakawekwa chini ya serikali kama mali ya adui. Wagiriki walilima tumbaku katika wilaya ya Iringa. Mapadre wa Shirika la Consolata, wengi wao Waitaliano, walishika misheni ya Tosamaganga, karibu na Kalenga, baada ya Wabenediktini wa Kijerumani kuondolewa. Upande wa Rungwe, Wamoravian walikuwa wamefika mwaka 1891.

Kundi linalosahauliwa kuliko yote ni Wapolandi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili maelfu ya raia wa Polandi, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamepelekwa Urusi kwa nguvu, waliletwa Afrika Mashariki kama wakimbizi. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, lakini nyingine zilikuwa Ifunda na Kidugala katika Nyanda za Juu Kusini. Hapa mwenyeji alimwona kwa mara ya kwanza Mzungu asiye na shamba, asiye na ofisi na asiye na nchi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 shule ya ufundi ya Ifunda ilifunguliwa mahali palipokuwa kambi hiyo, na vijana wa Kiafrika wakajifunza ufundi katika makazi yaliyoachwa na wakimbizi.

3.4 Waafrika wa mji

Ukiacha wazao wa askari, Waafrika wa miji hii walitoka pande tatu. Wa kwanza ni wenyeji wa mikoa: Wahehe, Wabena, Wakinga, Wasangu, Wasafwa na Wanyakyusa. Wa pili ni wasomi wa Nyasa, ambayo leo ni Malawi, waliosomeshwa na misheni na kuajiriwa kama makarani, walimu na wauguzi, hasa Mbeya na Lupa. Wa tatu ni vibarua. Vijana wa Kinyakyusa walitoka Rungwe kwenda Lupa kwa makundi, jambo ambalo Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti wao huko katika miaka ya 1930, walilichukulia kuwa miongoni mwa mabadiliko makubwa ya maisha yao. Wabena na Wahehe nao waliandikishwa kuwa manamba wa mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro. Aliyerudi alirudi na Kiswahili, na aghalabu alikaa mjini kabla ya kufika kwao, au hakufika kabisa.

4.0 Uchambuzi wa Majina ya Mitaa

4.1 Muundo wa u- na -ni

Mbeya ina maeneo mawili ya katikati ya mji yanayoitwa hadi leo Uzunguni na Uhindini. Majina hayo yanapatikana pia katika miji mingine mingi ya Tanzania, na pamoja nayo huenda la tatu, Uswahilini, ambalo kwa kawaida ni la mazungumzo na haliandikwi kwenye ramani. Tuyachambue:

(a) U-zungu-ni
(b) U-hindi-ni
(c) U-swahili-ni

Kiambishi awali u- katika majina ya mahali huonyesha nchi ya watu fulani: Uhehe ni nchi ya Wahehe, Ubena ni nchi ya Wabena, Usangu ni nchi ya Wasangu. Kiambishi tamati -ni huonyesha mahali. Sasa, nchi za wenyeji hazihitaji kiambishi hicho. Husemwa "nakwenda Ubena", wala haisemwi "nakwenda Ubenani". Katika (a) hadi (c) vipashio vyote viwili vinatumika pamoja, na maana inayopatikana ni "mahali palipo kama nchi ya watu fulani". Kwa maneno mengine, msemaji aliyaona maeneo haya ya mji kama nchi za kigeni zilizopandwa ndani ya nchi yake. Kuvuka barabara kutoka Uhindini kwenda Uzunguni kulikuwa, kwa mujibu wa sarufi, kuvuka mpaka.

Sarufi hiyo ililingana na hali halisi. Kanuni za ujenzi za miaka ya 1920 ziligawa miji ya Tanganyika katika kanda tatu kufuata aina ya nyumba: nyumba za makazi za mtindo wa Kizungu, nyumba za biashara, na nyumba za kienyeji. Kanuni zilitaja majengo na hazikutaja rangi ya mtu. Lakini gharama ya jengo ilitosha kuamua nani akae wapi. Wakaazi hawakudanganyika na lugha ya kanuni. Pale sheria iliposema "aina ya nyumba", wao walisema "aina ya mtu". Huko Unguja Mji Mkongwe ulitenganishwa na Ng'ambo kwa mkono wa bahari, na jina Ng'ambo likatokana na maji hayo. Iringa na Mbeya hazikuwa na maji ya kutenganisha, kwa hiyo jina lenyewe likafanya kazi ya mto.

4.2 Uswahilini ni wapi, na Mswahili ni nani?

Jina (c) linahitaji kutazamwa peke yake. Kwa mantiki ya (a) na (b), tungetazamia mtaa wa Waafrika uitwe Uhehe au Usafwa, kwa kuwa hao ndio wenyeji. Haukuitwa hivyo. Tungeweza pia kutazamia jina la Uafrikani, nalo halikutumika. Jina lililozoeleka ni Uswahilini, ilhali pwani ya Waswahili iko mbali na Iringa kwa mamia ya kilomita, na mbali zaidi na Mbeya.

Maelezo yetu ni kwamba mtaa huu haukuwa wa kabila lolote. Mmanyema aliyestaafu jeshi, Mnyasa karani, Mbena aliyerudi kutoka katani na mama wa Kihehe aliyeuza pombe hawakuwa na kitu kimoja kilichowaunganisha isipokuwa kuishi mjini na kusema Kiswahili. Mswahili, basi, akawa mtu wa mji. Katika pwani sifa za Mswahili zilihusu nasaba, Uislamu na ustaarabu wa kale. Katika nyanda za juu sifa ya nasaba iliondoka kabisa. Sifa ya dini nayo, yumkini, ililegea, kwani ingawa Waislamu walikuwa wengi katika mitaa ya zamani ya Iringa, Mbeya ilipokea Wakristo wengi wa Kimoravian na wa misheni za Nyasa. Iliyobaki ni lugha na makazi.

Msomaji anaweza kupinga kwamba Uswahilini ni neno la dharau, lenye maana ya mahali pa vurugu na uchafu. Ni kweli kwamba maana hiyo ipo. Lakini dharau haielezi asili ya jina. Inaeleza tu jinsi waliokaa nje ya mtaa walivyoutazama. Wale waliokaa ndani yake ndio waliokuwa wa kwanza nchini kuishi pamoja bila ya kuulizana kabila kabla ya kuuziana chumvi. Miaka ya 1950 harakati za uhuru zilipofika zikitumia Kiswahili, zilikuta mitaa ya aina hii imekwisha kufanya mazoezi hayo kwa kizazi kizima.

4.3 Majina ya mandhari, vifaa na matukio

Kundi la pili la majina hutokana na kilichoonekana mahali hapo. Iringa ina Miyomboni, penye miti ya miyombo. Mivinjeni, penye mivinje. Na Makorongoni, penye makorongo. Mivinje ni mti wa pwani uliopandwa, kwa hiyo jina Mivinjeni lina mkono wa mtu ndani yake, tofauti na Miyomboni ambalo linakumbuka msitu uliokuwapo. Mbeya ina Mabatini na Majengo. Jina Mabatini linarejelea wakati ambapo paa la bati lilikuwa jambo la kutosha kuutofautisha mtaa na mingine. Majengo ni jina la mitaa ya Waafrika katika miji mingi ya Afrika Mashariki, na kuwapo kwake Mbeya kunaonyesha kwamba mji huo uliiga mtindo uliokwisha enea.

Jina Kitanzini, katika Iringa, ni la tukio. Masimulizi ya mji hulihusisha na kitanzi cha kunyongea watu wakati wa utawala wa Kijerumani. Hakuna bamba la ukumbusho linaloweza kusema zaidi ya silabi hizo nne. Kila mchuuzi anayetaja Kitanzini anapoelekeza mteja hurudia, bila kukusudia, shtaka dhidi ya utawala ule.

Jina Mlandege linahitaji tahadhari. Lipo Iringa, na lipo pia katika mji wa Unguja. Inavutia kudhani kwamba lilipandishwa bara na wapwani, kama ambavyo Iringa ina pia Ilala, jina lililopo Dar es Salaam. Lakini ulinganifu wa umbo hautoshi kuthibitisha uhamaji. Jina linaweza kuzaliwa mara mbili. Kwakilosa nalo, lenye kihusishi kwa-, laweza kuelekeza kwa mtu au kwa mji wa Kilosa. Mifano hii inaonyesha kwamba mofolojia hufungua mlango tu. Anayeweza kuingia ndani ni mtafiti atakayekaa na wazee wa mtaa.

4.4 Majina ya lugha za wenyeji

Tukiitazama ramani nzima, mpangilio mmoja unajitokeza. Katikati ya miji majina mengi ni ya Kiswahili. Kadiri tunavyotoka nje ndivyo yanavyozidi majina ya lugha za wenyeji: Kihesa, Kitwiru, Mtwivila, Isakalilo na Nduli katika Iringa, Iyunga, Itiji, Iganzo, Iziwa na Ilemi katika Mbeya, ambako kiambishi i- hujirudia mara nyingi. Mji ulipopanuka ulivimeza vijiji pamoja na majina yake. Hivyo majina ya pembeni ni ya kale kuliko mji wenyewe, ingawa yaliingia mjini baadaye.

Kuna jina moja linalokiuka mpangilio huu, na ukiukaji wake una maana. Gangilonga, neno la Kihehe linalotafsiriwa "jiwe linaloongea", ni jina la mwamba unaotazama mji wa Iringa, na eneo lililo chini yake lilikuwa la makazi ya wakubwa. Kwa hiyo, sehemu iliyotengwa zaidi na wenyeji ndiyo iliyobeba jina lao. Jiwe lilikuwa kubwa mno kuweza kubadilishwa jina.

5.0 Maneno Yaliyovuka Mipaka

Kutokana na uchambuzi huo mtu angeweza kudhani kwamba jamii hizi hazikukutana. Msamiati unakanusha. Kutoka katika lugha za Kihindi Kiswahili kilipokea duka, pesa, gunia, laki, chapati na bepari, neno ambalo awali lilimaanisha mfanyabiashara tu, kabla ya siasa kulipa uzito mwingine. Kutoka Kijerumani kilipokea shule na hela, sarafu iliyoanza kutumika mwaka 1904 na ambayo jina lake limeishi muda mrefu kuliko himaya iliyoitoa.

Mfano unaotufundisha zaidi ni jozi ya klabu na kilabu. Yote mawili yametokana na neno moja la Kiingereza. Klabu, yenye mfuatano wa konsonanti usio wa Kibantu, ilibaki karibu na maana ya Wazungu: mahali pa wanachama, pa michezo na vinywaji vya chupa. Kilabu, iliyopewa irabu ikapata sura ya ngeli ya ki-vi, ikawa mahali pa pombe ya kienyeji, na katika Iringa hasa mahali pa ulanzi, tembo ya mianzi. Neno ulanzi lenyewe limetoka katika lugha za huko na kuingia katika Kiswahili cha Tanzania. Katika kilabu, basi, neno la Kiingereza lilikutana na neno la Kihehe na Kibena, na aliyewakutanisha alikuwa mwanamke mgema au muuzaji ambaye jina lake halimo katika taarifa za serikali. Taarifa zilimkumba kwa kodi na leseni. Lugha ndiyo iliyomhifadhi.

Hata hivyo, tusiyapambe makutano haya. Sehemu kubwa ya Kiswahili kilichosemwa kati ya Uzunguni na Uswahilini kilikuwa cha kuamrisha. Maneno boi, yaya na kipande ni ya uhusiano usio sawa. Kipande kilikuwa karatasi ya kuhesabia siku za kibarua, na jina lake, kwa maana ya sehemu iliyokatwa, laonyesha vizuri jinsi mwenye nacho alivyohesabiwa. Lugha moja ilitumika mji mzima, lakini nafsi ya kwanza na ya pili hazikubadilishana nafasi.

6.0 Majina Baada ya Ukoloni na Hatari ya Leo

Baada ya Uhuru mwaka 1961, baadhi ya majina yalibadilishwa kwa makusudi. Shule iliyojengwa Iringa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watoto wa Kizungu, kwa jina la watakatifu Mikaeli na Georgi, ikawa Shule ya Mkwawa, na leo mahali hapo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Mbeya ilipata mtaa wa Ghana, jina la wakati wa matumaini ya umoja wa Afrika. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na Wahindi wengi waliondoka. Wafanyabiashara wa Kiafrika, Wakinga wakiwa mstari wa mbele, walichukua nafasi zao. Jina Uhindini halikubadilika.

Hapa ndipo penye suala linalotuhusu sasa. Mwaka 2022 nchi ilianza operesheni ya anwani za makazi, ambapo kila barabara ilitakiwa kuwa na jina na kila nyumba namba. Kazi hiyo ni ya manufaa makubwa. Lakini kuandika jina ni kuchagua jina. Kijia kilichojulikana kwa majina mawili kitabaki na moja, na uchaguzi mara nyingi hufanywa haraka, kwa kufuata jina la kiongozi au la mwenye nyumba kubwa. Wengine husema majina kama Uzunguni na Uhindini ni mabaki ya ubaguzi na yanapaswa kufutwa. Tunaheshimu hoja hiyo, lakini hatukubaliani nayo. Majina haya yalitungwa na waliobaguliwa na yalikuwa maelezo yao ya walichokiona. Kuyafuta ni kuwanyamazisha mashahidi na kuuacha ushahidi wa mtawala, yaani ramani yenye namba za kanda, usimame peke yake.

Hatari kubwa zaidi inayakabili majina ya Kisafwa na Kihehe. Mtaa wa Kiswahili ukipoteza jina, maana yake inaweza kutafutwa katika kamusi. Jina la Kisafwa likiandikwa vibaya au kubadilishwa kabla ya mzee anayejua maana yake kuulizwa, hakuna kamusi ya kawaida itakayolirudisha.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Iringa na Mbeya zilikuwa miji ya jamii nyingi kama zilivyokuwa bandari za pwani, na kwamba majina ya mitaa yake yanaeleza mgawanyo wa jamii hizo kwa ukweli unaozidi ule wa kanuni zilizoigawa. Muundo wa u- na -ni uliwafanya Wazungu na Wahindi kuwa nchi ndani ya mji. Jina Uswahilini liliwafanya Waafrika wa makabila mengi kuwa jamii mpya. Majina ya pembeni yanawakumbusha wote kwamba ardhi ilikuwa na wenyewe kabla ya mji.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, idara za Kiswahili na za historia katika vyuo vya Nyanda za Juu Kusini ziwape wanafunzi kazi ya kukusanya majina ya mitaa, masimulizi yake na matamshi yake, mtaa baada ya mtaa. Pili, halmashauri za miji zinapoingiza majina katika orodha ya anwani ziweke pia jina la zamani na maelezo yake, hata yakiwa ni mstari mmoja. Tatu, wanaisimu waache kuitazama Uswahilini kama mahali ambapo Kiswahili kinaharibiwa. Kwa watu wa nyanda za juu, hapo ndipo Kiswahili kilipoacha kuwa lugha ya msafara, ya amri na ya bei, kikawa lugha ya kulelea watoto.